Ng'ombe Mzee na Kile Chombo Chenu cha Anga

Wajina wangu Kawira, mjukuu wangu uliye Amerika,

Kiswahili hiki ni cha darasa la gumbaru, tunakosomea sisi wazee, usinicheke. Kucheka nilicheka mimi, na ndiyo maana naandika wazi, kwa sababu nilikuaibisha mbele ya watu.

Unakumbuka Jumamosi ile hapa Kanyakine, chama cha kina mama kikiwa kwangu? Ulitandaza karatasi tatu za michoro mezani. Ukasema kile chombo kinachopeleka watu angani, kikarudi nao, kikatengenezwa kikaenda tena, kimezeeka, na huko kazini mnachagua cha kukirithi. "Hiki ndicho kizuri zaidi, juju, lakini hakijawahi kuruka. Wewe ungenipandisha katika kipi?"

Uliniuliza mimi nyanya yako kama mtu mzima anavyomuuliza mwenzake. Nami nikajibu nini? "Kahawa yote aliyouza babu yako akusomeshe imeishia hapa? Kuchora kama mtoto wa nasari!" Mama Mwiti, jirani yetu asiyefunga mdomo, akaongeza, "Hebu muulize kama kitabeba mbolea!" Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Wewe ukakunja karatasi polepole. Tangu siku hiyo hujaniandikia.

Sasa sikiza. Yule ng'ombe mzee aliyekulea kwa maziwa nilimuuza sokoni Kiirua. Nikaleta mtamba wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mrembo, kijiji kizima kikaja kumtazama. Mama yangu alinifunza: usimtoe mzee kabla mtamba hajazaa. Lakini mimi si najua kila kitu? Mtamba hashiki mimba. Leo nabeba kikombe kwenda kwa Mama Mwiti, mimi niliyekuwa nikigawia watu maziwa! Ananimiminia huku akiuliza, "Na huyo mrembo wako, ni mbolea tu?"

Hapo ndipo nilipolielewa swali lako, nimesimama mlangoni pa mtu na kikombe mkononi.

Jibu langu limechelewa, lakini chukua. Usikubali watupe kile cha zamani kabla kipya hakijaenda na kurudi na watu wake. Uzuri wa karatasi haukamuliwi. Na wakikucheka huko, kaa pale pale, usikunje kitu.

Usidhani nimekuwa laini. Kumnyamazia juju yako muda wote huu ni kukosa adabu. Ingawa kiburi hicho najua ulikitoa wapi.

Karatasi moja uliisahau. Imo ndani ya Biblia yangu, na siielewi hata kidogo. Njoo uniulize tena, mbele ya wanawake wale wale.

Ni mimi juju yako, ambaye wewe ulipewa jina lake, naye akalicheka.