Sabuni ya Mama Mukwe

Yaya Ngalula, jambo yako na ya batoto pale Dilala ya Kolwezi! Siye na bibi yangu tuko bazima, karibu na Lubudi. Tangu batufukuze Kolwezi juu ya kuwa bana Kasai, bisi yangu, motokari ya kubeba bantu, njo nyumba: kitanda, mbabula ya makala ya kupikia, kuku, na mama mukwe nyuma ya pazia. Unajua, kwetu mukwe hasemeshe mukwe.

Jana, mama mukwe akiwa anapika inje, nikamusikia: "Weye kuku, ambia mwenye motokari mafuta ya mazutu inavuja." Nikacheka, nikawaza mama amezeeka, anasemesha kitoweo. Akalalamika: "Kuku, ule mutu ni kiziwi? Tutabaki mu pori!"

Nikaingia chini ya bisi: kweli, tanki imepasuka! Nikajibu: "Kuku, omba mama sabuni." Akanitupia ile sabuni moya tu ya jamaa yote. Nikaifikicha kavu mu ufa, ikaziba. Ambia shemeji: tanki ikivuja, asilete moto ya kuunga chuma, ni sabuni tu.

Sasa hatuoge, tunanuka, lakini tunatembea! Yaya, bwana yako ni mwenyeji wa kule Kolwezi, njo sababu bakakuacha. Bakianza kukusumbua na weye, kuya kwetu. Mu bisi nafasi iko.

Mudogo yako, Tshibangu