Nyumba Iliyo Nyuma ya Babu

Jumatano, 2 Julai

Baridi ya Mikumi haina adabu mwaka huu. Picha za pasipoti tangu asubuhi, na kila mteja anataka atoke mweupe kuliko alivyoumbwa. Mashine ya kopi imegoma tena. Nimeipiga kofi, ikaendelea.

Jioni Shangazi Tabu kaja dukani na picha yake, kaifunga kwenye kitambaa. Anataka niikuze. Daktari alishamwambia wazi: presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda. Picha hiyo naijua tangu utoto. Babu kasimama na redio mkononi. Bibi kakaa kwenye kiti. Shangazi, bado mdogo, ana gauni jeupe. Nyuma yao ngazi tatu, nguzo mbili, mlango wa mbao uliochongwa. Nyumba yetu ya Kilosa. Waliihama Shangazi akiwa hajaanza shule, na hajawahi kurudi.

Anataka kuiona kabla macho hayajafunga kabisa. Kasema hivyo tu, kisha akaomba chai.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeikuza. Sikujua picha moja ina mambo mengi hivi. Mkoba wa ngozi wa redio umechanika pembeni, ukashonwa kwa uzi mweupe, misalaba midogo midogo. Viatu vya babu ni vikubwa, kisigino kimoja kinaelea. Matundu ya hewa yana umbo la ua. Bibi haangalii kamera. Anaangalia pembeni, anataka kucheka. Anamwangalia nani?

Maharage yameungua nikiyakodolea matundu ya hewa.

Jumamosi, 5 Julai

Nimefunga duka, nimekwenda Kilosa na picha kwenye mkoba. Nimezunguka mitaa ya karibu na stesheni nikinyanyua picha juu, nilinganishe na kila nyumba. Watu wamenishangaa, shauri yao. Nyumba za zamani zimekatwa katikati: nusu bati lenye kutu, nusu fremu za maduka zenye vioo. Vibaraza vimejengewa matofali. Kila nikipata nguzo, sioni ngazi.

Mchana nimekula kwa Mama Saida, mwenye genge la chakula. Kaiona picha mezani. "We dada, nyumba ya babu yangu umeitoa wapi?"

Nikadhani utani. Akatuma mtu alete picha yake kutoka nyumbani. Ngazi zile zile, mlango ule ule. Ila kwake hakuna kiti, wote wamesimama. Na babu yake, aliyekuja toka Tabora kukata mkonge, kashika redio. Mkoba umeshonwa kwa uzi mweupe. Misalaba midogo midogo.

"Mtaa mzima redio alikuwa nayo yeye tu," akasema. Maneno ya Shangazi yale yale! Nimekasirika. Kidogo nimwite mwongo, na nilimwona naye ananihesabia hivyo hivyo. Wali ukapoa.

Nyumba anaijua ilipo. Kasema nije sikukuu, atafunga genge, atanipeleka.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Nimeiona.

Kijani sasa, na kati ya nguzo wameweka mifuko ya saruji. Ni stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Ningepita mara kumi nisiijue, lakini maua ya matundu ya hewa yako pale pale. Mwenyewe ni Bwana Hemedi, mtu wa makamo. Babu yake ndiye aliyeijenga. Kazitazama picha zetu mbili, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kumbe mpiga picha wa enzi hizo hakuwa na studio. Ukuta huu ulikuwa mweupe na ulipata jua zuri la alasiri, akaomba kuutumia. Sikukuu watu walitoka kambi za mkonge na za reli wamevaa walichonacho, wakapanga foleni. Redio ilikuwa ya mpiga picha. Alimpa kila mwanamume aishike.

"Kila mara anakuja mtu kutafuta kwao hapa," akasema Bwana Hemedi. "Nawakaribisha tu."



Na jingine: Jumatatu ijayo mafundi wanaibomoa. Anajenga fremu.

Jumanne, 8 Julai

Nimemkasirikia babu siku nzima. Mchukuzi wa mizigo stesheni, kumbe mkazi wa chumba kimoja cha kambi, kutuachia ufalme wa kuazima.

Halafu kaja kijana kutoka Vidunda kupiga picha ya kumtumia mchumba. Nimemwonyesha mapazia yangu ya nyuma yaliyochorwa. Kachagua lile la ghorofa lenye bwawa la kuogelea. Nimempiga vizuri, nimemwambia kapendeza. Ndipo nikacheka peke yangu.

Alhamisi, 10 Julai

Sijamwambia. Nimesema tu nyumba nimeiona na tunakwenda Jumamosi. Kapiga pasi kitenge kipya. Kasukwa nywele. Macho hayo hayo mabovu leo yamemfanya amwage uji mezani, naye akajifanya hajaona. Nikimwambia nyumba si yetu, atakwenda kuona nini? Nisipomwambia, Bwana Hemedi atacheka mbele yake.

Mwoga mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Bwana Hemedi aliondoa saruji kwenye ngazi. Mama Saida alikuja na kanga yake nzuri. Nilishapanga uongo wangu, nimewabana pembeni kuwaomba wasinichomee. Hatukumaliza kupanga.

Shangazi alishika nguzo. Akapapasa ukingo wa ngazi kwa kiatu, akapanda moja moja, hataki mkono wangu. Mlango ulikuwa wazi. Hakuingia. Akasogea pembeni mwa mlango, akatengeneza kitenge, akaita, "Hodi!"

Mtu hapigi hodi kwao.

"Karibu, bibi. Shikamoo," Bwana Hemedi akajibu, hacheki.

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa sana. Nimekuja kushukuru kwa kiti. Mama yangu alikuwa mzito, miguu imevimba, foleni ndefu. Bibi wa nyumba hii akatoka nacho mwenyewe, akamkalisha."

Kumbe huyo ndiye bibi yangu alikuwa anamwangalia pichani. Na mimba ile ni baba yangu.

Baadaye nilimuuliza kwa nini basi miaka yote tunasema yetu. Akasema baba yangu ndiye aliyeanza, mtoto mdogo, kila akiiona picha anauliza kwetu ni wapi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia.

Nimelia kidogo nyuma ya mifuko ya saruji. Bwana Hemedi akatoa kiti.

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka kanisani, nikachapa picha niliyopiga jana. Shangazi kakaa barazani, mlango nyuma yake, Mama Saida kasimama kando. Redio hakuna. Shangazi kaisogeza mpaka karibu iguse pua. Kauliza kama kiti kinaonekana. Kinaonekana.

Kesho wanaanza kubomoa. Nimechapa nakala mbili zaidi, ya Bwana Hemedi na ya Mama Saida. Nyuma ya yetu nimeandika kwa wino: Kilosa, nyumba ya kina Hemedi. Kiti pia ni chao.