Mbu Wenye Mkia Juu

Mama Nsimire, mke wangu, pokea salamu za baridi ya Bukavu.

Nimelipia chumba chenye chandarua, kumbe maman mwenye nyumba ameitumia kufunikia mboga zake. Ati hapa iko baridi, mbu wao hawana malaria. Asubuhi nikamwonyesha ukutani: watano wamelala sambamba na ukuta, wawili wameinua mkia juu, vile muuguzi alitufundisha. Hao wawili ndio wa malaria.

Akawaangalia sana. "Papa, hao wawili si wetu. Ulikuja nao kutoka kwenu Kamituga mu sakoshi yako ya nguo."

Wageni wote wakacheka. Basi mimi ndiye niliyeleta malaria mjini.

Kadi hii ikifika, chandarua yetu itoe kwenye vifaranga, ulale ndani na mimba yako. Vifaranga nitanunua vingine. Wewe, sina mwingine.

Papa Nsimire