Maneno ya Kundi la Jumatano

Mafeteng,
14 Agosti

Kwako dada yangu, Ausi Puseletso,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Magoti yako yanaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima. Theluji ilianguka juzi, mbuzi mmoja akafa, waliobaki wako salama. Nakushukuru kwa kumpokea mwanangu Tlalane. Sikukuuliza hata kama una nafasi. Nilimpandisha basi na blanketi lake, ndipo nikakupigia simu akiwa tayari njiani.

Uliniuliza amekosana na nani mpaka akaacha shule katikati ya muhula, nikakujibu ni ugomvi wa watoto tu. Haikuwa hivyo, Ausi. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kunyamazia.

Unakumbuka alivyokuwa mwaka jana, kutwa amelala ameukabili ukuta, nywele anazing'oa kwa vidole. Nesi wa zahanati ndiye aliyetuelekeza kwa Mama Nyakallo wa Maseru, anayewatibu vijana kwa michezo ya kuigiza. Watoto wanane, kila mmoja kwao, wanakutana kwenye simu kila Jumatano saa kumi jioni. Mmoja analeta jambo linalomkaba, wenzake wanaliigiza: huyu anakuwa baba, yule anakuwa mwalimu, na mwenye jambo anapata kusema yale aliyoshindwa kuyasema. Sharti ni kwamba linaloigizwa halitoki kundini. Hata sisi wazazi tulitia saini kwamba hatutasikiliza.

Ilimsaidia. Kufikia Machi alikuwa amerudi shule, na ameanza tena kunicheka ninavyoimba.

Kundini mlikuwa na mtoto mwingine mmoja tu wa hapa kwetu, Mokhele, ambaye mama yake nasali naye kila Alhamisi. Mwezi wa Juni Mokhele alileta habari za baba yake, anavyompigisha magoti uani kwenye changarawe na kumwita msichana, mpaka aombe msamaha kwa kosa asilolijua. Tlalane alipewa nafasi ya baba. Mokhele akasema, "Ntate, nimechoka kupiga magoti. Leo nasimama." Mama Nyakallo akawaomba wenzake nao wasimame, kila mmoja chumbani kwake, na wote wakasimama.

Haikupita wiki, maneno hayo yakamfikia baba mtu. Aliivunja ile simu, akampiga kijana, kisha akampeleka milimani kwa babu yake akachunge kondoo. Alikuwa amebakiza miezi minne afanye mtihani wa mwisho.

Watoto wa kundi wakaulizana nani amesema, na aliyekuwa karibu na Mokhele alikuwa Tlalane peke yake. Mama Nyakallo alisafiri mwenyewe mpaka hapa, akaketi jikoni kwangu, akamuuliza mtoto kwa upole. Tlalane akakana. Kisha akanigeukia mimi, akisubiri nimtetee. Nami nikamwambia, "Mwanangu, kama ni wewe, sema tu yaishe."

"Hata wewe, Mama?" akasema. Kesho yake hakwenda shule, na tangu siku hiyo hakula mezani na mimi.

Ausi, aliyesema ni mimi.

Siku ya kwanza nilikuwa nakanda unga wa mkate, nikamsikia anacheka. Ilikuwa imepita miezi minane sijasikia kicheko chake, nikasogea nyuma ya mlango na unga mikononi. Ningeishia hapo ningekuwa na la kujitetea. Lakini nilirudi Jumatano iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Nilitaka kujua ananisema vipi. Hakuwahi kunisema vibaya.

Alhamisi moja baada ya sala, mama yake Mokhele akaniambia mbele ya wanawake wote, "Mama Tlalane, mtoto ukimdekeza ndivyo anavyorukwa na akili." Wakacheka. Nikamjibu, "Wangu siku hizi anacheka. Wako bado anapigishwa magoti kwenye changarawe, au baba yake amemruhusu kuinuka?" Ningependa kukuambia nilimhurumia kijana. Sikumfikiria hata kidogo. Niliona uso wa mama yake umemshuka, na nilirudi nyumbani nimefurahi.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama Nyakallo nikamweleza yote. Kisha akasema Jumatano atawaambia watoto kwamba Tlalane hana kosa, na ndivyo alivyofanya jana. Nilikwenda pia kwa mama yake Mokhele. Nilitegemea anifukuze. Alinipa maji, akaniambia yale ya changarawe alikuwa anayajua miaka yote, na kila yalipoanza alikuwa anafunga pazia. Leo asubuhi amepanda milimani pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii kumfuata mwanawe. Sijui kama kijana atakubali kushuka.

Jumamosi nitakuja kwa basi la asubuhi. Barua hii namkabidhi dereva wa basi la kesho; mpe Tlalane aisome yote kabla sijafika, hata pale niliposema nilirudi nimefurahi. Akitaka nisimkute, mruhusu aende kwa majirani, nami nitakaa na wewe, kisha nitarudi. Nakuomba jambo moja tu, dada yangu. Usimwambie anisamehe kwa kuwa mimi ni mama yake. Hilo analijua, na ndilo linalomuuma.

Nisalimie shemeji na watoto wote wa hapo. Blanketi lako la kijivu nimelifua, nitakuja nalo.

Mdogo wako,
Moleboheng