Kiti cha Penye Joto

Bishkek, mwisho wa Februari

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri na goti limepunguza maumivu. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha. Maandazi uliyompa Joldosh alete yalifika yakiwa bado laini. Wenzangu wa chumba cha habari waliyavamia, nikaambulia mawili.

Mdogo wangu huyo ameniambia kwamba husemi naye tangu alipokuarifu kuwa ng'ombe atauzwa, na kwamba unashinda zizini ili mnunuzi asimchukue. Nitalifikia hilo.

Kazini alikuja binti wa chuo kikuu, Zuura, anayepima jinsi sisi wa habari za televisheni tunavyowaona wazee. Alitupa sentensi, na kwa kila moja tuchague, kuanzia nakubali kabisa hadi nakataa kabisa. Ulan, mhariri wetu, alimwambia anapoteza muda, hapa wazee wanaheshimiwa bwana. Si anaona eje wetu, dada mkubwa, ndivyo wanavyoniita, amepewa kiti cha penye joto, na tangu vuli hatumwi tena kwenye theluji? Mpigapicha akadakia kwamba eje ni kama vyombo vya wageni, havitoki kabatini ovyo. Nilicheka nao. Miaka thelathini nimeripoti maporomoko ya theluji, Mama. Msimu huu nimeyatazama dirishani.

Sentensi tuliyoikubali kabisa sote ilisema wazee wapumzishwe kazi ngumu. Zuura aliporudi na majibu, alisema hiyo ndiyo iliyotushusha: anayeikubali hupunguziwa alama, kwa kuwa amemwamulia mzee bila kumuuliza. Ulan akataka kujua tangu lini kumhurumia mama yako kumekuwa kosa. Zuura akamuuliza kama huyo mama alisema amechoka. Ulan akajimiminia chai, kikombe kikafurika.

Nami nilikuwa nimejibu kama wao. Usimnunie Joldosh, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia amuuze ng'ombe. Nilikuona ukikamua kwenye baridi ile, nikaona huruma, nisikuulize.

Nimempigia Joldosh simu leo asubuhi: ng'ombe haendi popote. Nami nimemwomba Ulan anitume kwenye njia ya mlimani iliyofungwa na theluji. Alisita, kisha akanivua koti la ofisini na kunivika lake zito.

Nikimaliza huko nitapitia nyumbani. Nikikukuta zizini sitakuambia uingie ndani upate joto. Ukitaka nishike ndoo, nitashika.

Msalimie Joldosh, na umpe chai sasa.

Binti yako,
Anarkul