Mama na Kadi za Kompyuta

Mpendwa mama,

Kompyuta imeingia nyumbani kwako. Tumeiweka pale mezani karibu na dirisha, ulipokuwa ukipigia pasi vitambaa vya harusi vya kukodisha, na nimeifunika kwa kitambaa kimojawapo kwa sababu ya vumbi la Kaloleni, ambalo halijapungua tangu tukupeleke kupumzika Bungoma. Ni ya mtumba, inanguruma kama ina mafua, lakini inafanya kazi. Wenye harusi na wenye matanga wanakuja kwangu sasa niwapangie shughuli zao, kama walivyokuwa wakija kwako. Tofauti ni kwamba wengi wakifika hawaulizi kwanza nani atapika. Wanauliza kama mashine ipo.

Ungeifurahia. Wanaodai kwamba wazee waliogopa mambo mapya hawakukujua wewe. Si ndiwe uliyemleta mpiga video wa kwanza harusini pale mtaani? Ulimfuata nyuma ukimwinulia waya asije akamkwaza bibi harusi, kisha ukamwambia mbele ya mchungaji, "Na sufuria je, zitatokea? Hebu rudi jikoni upige sufuria."

Lakini kabla ya hayo yote kazi yako ilikuwa miguu. Harusi ya mtu ikikaribia ulinishika mkono jioni baada ya shule, tukapita nyumba hadi nyumba kualika. Hukuwahi kuanza na harusi, mama. Ulianza na kikohozi cha mtoto, ukaja kwa mama mkwe aliyeko Kitui, ukakataa chai, ukalazimishwa, ukanywa. Mimi nimekaa pembeni napiga miayo. Chai ikiisha, tayari umesimama, ndipo unasema, "Basi, nimekuja kuwaambia tuna harusi." Tuna! Hata kama wenye harusi hatukuwa na undugu nao wowote. Tukitoka nje ulininong'oneza uliyoyapata humo: huyu ameacha nyama, yule na shemeji yake wasikalishwe benchi moja. Watu walistaajabu kwa nini shughuli zako hazikuwa na ugomvi.

Kisha magoti yakaanza kukutesa, na wakati huo huo mimi nikachumbiwa. Ndipo ukasikia habari za kijana mmoja mjini aliyekuwa akitengeneza kadi kwa kompyuta. Nakumbuka ulivyoinama kwenye kioo chake, mkoba umeukumbatia, yeye akibonyeza na maua yakitokea pembeni mwa jina langu.

"Mathe, cheki hii," akasema. "Hii kitu ni poa sana."

Chini kabisa ulibaki mstari wa kadi ya mteja mwingine: Tafadhali njoo na kadi hii. Akauliza kama aufute. Ukasema, "Uache, mwanangu. Unapendeza."

Kadi zilienda kwa watu wa mbali, wale waliofanya kazi na baba kwenye reli, watu wa kanisa, na jamaa zetu wa Dandora. Majirani wa safu yetu ya nyumba hukuwapelekea, na kwa nini uwapelekee? Walijua habari tangu siku washenga walipopiga hodi. Lakini furaha ilikuzidi, ukachukua kadi moja ukamwonyeshe Mama Mwende, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye mmepika naye kila shughuli tangu nikiwa mgongoni. Alikuwa akifua. Akapangusa mikono kwenye leso, akaishika kadi kwa ncha za vidole, akaisoma polepole mpaka chini.

"Ni nzuri," akasema, akakurudishia.

Nawe ukaitia mkobani, ukaondoka ukiimba. Hukuuona uso wake. Mimi niliuona, lakini sikuuelewa.

Asubuhi ya harusi, kabla jua halijapanda, moto ulikuwa ukiwaka nyuma ya ukumbi. Nyama kutoka soko la Burma ilikuwa imefika, viazi vimemwagwa kwenye turubai, na pale motoni mlikuwa wewe na shangazi peke yenu. Siku nyingine zote, kufikia saa hiyo, wanawake wa safu yetu wangekuwa wamejaa hapo wakigombania visu. Uliangalia njia, ukaangalia tena. Kisha ukaja nyumbani mbio mbio kwa magoti yale yale, ukanipita nimekaa na rola za nywele kichwani, ukaenda kubisha kwa Mama Mwende. Nikakufuata na rola zangu. Bila wanawake wale wageni wangerudi makwao na njaa, na wewe uliyepanga harusi za mtaa mzima ungeaibika kwa harusi ya binti yako wa pekee.

"Mama Mwende, kwani unaumwa?"

"Niko sawa, Mama Nekesa."

"Na mbona hujakuja? Moto unawaka."

"Nitakujaje na sina kadi? Si mliandika mtu akuje na kadi?"

"Wewe nikupatie kadi ya nini? Si wewe ndio mwenye harusi!"

"Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo," akasema, "mpaka nikaona kadi."

Nilidhani utajitetea. Ungeweza hata kumsingizia kijana wa mjini. Badala yake uliketi kwenye kiti chake cha mlangoni na nguo yako mpya, ukauliza, "Mwende anaendeleaje na kile kifua?"

Sikuamini masikio yangu. Saa ya kanisa inakaribia, kichwa changu kimejaa rola, na wewe unauliza habari za kifua! Mama Mwende naye hakuwa na haraka. Alikujibu kwa kirefu. Akakuuliza habari za mjomba. Akakupa chai, ukakataa, akakulazimisha, ukainywa na moto wake mpaka machozi yakakutoka. Nilijiambia ni ya chai. Halafu ukasimama.

"Basi, nimekuja kuwaambia tuna harusi."

"Ya nani?" akauliza, na sasa kicheko kilikuwa kinamtoroka.

"Ya Nekesa. Huyu hapa na rola zake."

Akaingia ndani, akatoka na mwiko. Milango mingine mlibisha pamoja, na kwenye kila mlango ulimwachia yeye aseme. Chakula kilichelewa hata mchungaji akaanza mahubiri mapya. Kwenye video ya harusi yangu kuna kipande kirefu cha wageni waliogeuza shingo kutazama jikoni, na wajukuu wako wakikifikia hucheka mpaka wanalala chini. Mimi hucheka nao, halafu hungoja pale unapopita upesi umebeba sahani. Natamani mpiga video angekufuata na kamera yake, hata kidogo.

Nakukumbuka sana, mama, na zaidi nikiwa kazini. Kazi yenyewe imezidi kubadilika. Kuna wateja wachache wenye simu za mkononi, wanazining'iniza kiunoni kama askari na rungu, nao wanataka nipange harusi nzima nikiwa nimekaa kitini. Sitakudanganya, mara nyingine inawezekana. Kadi zinafika mbali ambako miguu yako isingefika, na mtu akibadilisha ukumbi nachapa upya kabla chai haijapoa. Lakini kila nikichapa huniingia woga kidogo: ni nani leo nitamfanya mgeni bila kujua? Na kuna jingine ambalo sijamwambia hata mume wangu. Tangu uondoke sijui kama safu yetu inaniona mimi ni wao, au mimi ni yule mwenye mashine tu.

Wiki iliyopita Mama Mwende alikuja. Kitindamimba wake, Ndanu, anaolewa, na yeye alitaka kadi za kompyuta. Ndiyo, yeye! Alichagua maua kwa muda mrefu kuliko wewe. Zilipotoka alizipepea zikauke, ingawa zilikuwa kavu, kisha akaomba kalamu ajaze majina mwenyewe. Nilimtazama akiandika. Jamaa wa Machakos, watu wa kanisani kwao, wenzake wa sokoni. Nilikuwa nikingoja afike kwangu. Kadi ziliendelea kupungua, akaandika ya mwisho, akazifunga kwa mpira, akazitia zote mkobani.

Nilijifanya nafunika mashine. Yeye akajifunga leso, akaaga, na alipofika mlangoni akageuka.

"Jumamosi uamke mapema," akasema. "Vitunguu ni vyako."

Aliondoka akiniacha nimesimama na kile kitambaa mkononi, nalia na kucheka kwa pamoja. Sikupewa kadi, mama. Nilitaka wewe ndiwe ujue kwanza.

Pumzika kwa amani. Kesho ndiyo Jumamosi, kwa hiyo naiacha barua hapa nikalale.

Ni mimi, binti yako,
Nekesa