Kuruka Ufagio na Tamari

Kambi ya Nelson, Kentucky
Machi 26, 1865

Kaka yangu mpendwa Elkana,

Salamu nyingi. Natumai uko mzima huko Ohio, na kile kifua kimekuachia. Mimi mzima, ila usingizi umenipa kisogo.

Hotuba mpya ya Rais imetufikia. Kasisi wa kikosi aliisoma tukiwa na bakuli za maharage mikononi, na hakuna aliyetafuna. Amesema chanzo cha vita ni utumwa, na kwamba huenda Mungu akataka kila tone la damu lililotolewa kwa mjeledi lilipwe kwa upanga. Mpishi wetu, mzee Jubali, aliuliza kama ni Rais yuleyule.

Ni yuleyule, kaka. Alipoapishwa mara ya kwanza aliahidi hatagusa utumwa pale ulipo, nawe ukasema huyu tukimngoja tutaota mvi. Ukatoroka kwa kuvuka mto, ukamwacha mkeo Tamari na mimba. Baadaye akawashauri weusi wahamie nchi nyingine. Kisha akatangaza uhuru kwa watumwa wa majimbo yaliyoasi, sisi wa Kentucky tukarukwa. Kila mara Tamari aliniuliza, na sisi je? Ndipo nikajiunga na jeshi.

Mwezi huu imetoka sheria: mke na watoto wa askari ni huru. Wakati huohuo Bwana Pruitt, aliyetumiliki, alikuwa akijiandaa kumpeleka Tamari kwa binti yake, mtoto abaki, ndipo Tamari akatorokea hapa kambini na mtoto. Kaka, nilimwambia afisa kwamba Tamari ni mke wangu. Akataka mashahidi. Basi tuliruka ufagio mbele ya kikosi kizima, kama watumwa tulivyozoea kuoana shambani. Tamari aliruka juu kuliko mimi, na kwa kuwa husemwa arukaye juu ndiye mkuu wa nyumba, Jubali akanipigia kelele kwamba nimeshatawaliwa. Tamari na mwanao Febe wako huru.

Sasa nikuambie linaloninyima usingizi. Niliporuka nilikuwa naigiza. Nilipotua, sikuwa naigiza tena. Nampenda, kaka.

Nilimuuliza Tamari nikuandikie nini: uje umchukue, au abaki nami? Alikasirika. Akasema nikuambie, ukija na la kusema atakusikiliza, nami ananisikiliza. Ila sisi wawili tusikae kupanga nani amchukue, maana juzi tu ndiyo ameacha kuwa mali ya mtu.

Wasalimie wote kanisani kwenu. Febe ana macho yako.

Mdogo wako, kama bado utaniita hivyo,
Amosi